Merle Tregenza na Vitufe Vitatu

Kituo chetu cha televisheni kilipofunguliwa hapa Adelaide mwaka 1960, wanawake wawili tulihamishwa kutoka redioni. Mimi nilipelekwa kuwapaka watangazaji poda. Merle Tregenza alipewa vitufe: kamera tatu, vitufe vitatu, na mwongozaji ameketi nyuma yake akisema ipi iende hewani. Vipindi vilikwenda moja kwa moja. Ukikosea, jimbo zima limeshaona.

Alikuwa na miaka thelathini na minne, na kwa kusimama kutwa mbele ya vitufe alitembea kama mtu aliyeshinda shambani akilima. Jioni mumewe, Lindsay, alimwekea beseni la maji ya chumvi, naye akasinzia miguu ikiwa ndani.

Mume huyo alikuwa siri. Siku zile, kwa sheria, mwanamke wa kazi ya serikali, kama sisi wa kituo kile, akiolewa alipoteza nafasi yake ya kudumu. Kwa hiyo kazini Merle alikuwa mseja. Alikataa kusindikizwa, alikataa kupigiwa simu, na barabarani aliangalia kwanza nani yupo kabla ya kumshika Lindsay mkono.

Februari 1962, katikati ya kipindi cha watoto, mwongozaji wetu Haddrick alizimia kwa joto. Tulimburuta nje. Merle hakugeuza hata shingo. Alivuta kipaza sauti akaanza kuwaelekeza wapiga picha, kwa sauti ileile aliyoagizia chai, huku vidole vikiendelea kubonyeza. Dakika ishirini na mbili hivyo hivyo, na watazamaji hawakugundua kitu. Haddrick aliugua wiki tisa, na wiki zote tisa Merle alifanya kazi mbili kwa mshahara mmoja.

Haddrick alipoacha kazi, nafasi yake ikatangazwa. Merle akaomba. Mkuu wa vipindi, Bwana Pascoe, alimsifu sana, kisha akamwuliza anatarajia kuolewa lini, maana ni hasara kumpandisha mtu halafu akaondoka.

Merle aliniambia uongo ulikuwa tayari mdomoni. Ila siku ile hakuwa na nguvu ya kuusema.

"Nimeshaolewa, bwana. Mwaka wa tatu huu."

Pascoe akaweka kalamu chini. "Sasa unaniambia ya nini, mama? Ungenyamaza tu."

"Nimechoka kunyamaza."

Ijumaa akaandika barua ya kuacha kazi. Jumatatu akachukuliwa tena kama kibarua: mahali palepale, vitufe vilevile, bila likizo ya malipo wala pensheni. Uongozaji akapewa bwana mmoja kutoka Melbourne, na wa kumfundisha akawa Merle. Nilimwuliza anawezaje.

"Usiniulize, Thelma. Nikianza kulifikiria hilo, kesho sitoki kitandani."

Sheria ile ilifutwa mwishoni mwa 1966. Yule bwana wa Melbourne alikuwa amesharudi kwao, basi Pascoe akashuka mwenyewe hadi chumba chetu cha mapumziko, akamwambia Merle kwamba uongozaji ni wake, anaweza kuanza lini? Tulidhani atalia. Merle alimaliza kwanza kutafuna mkate wake wa nyama baridi, akajipangusa mdomo.

"Baada ya wiki mbili. Nataka kulala."

Na alilala. Lindsay aliniambia siku ya kwanza aliamka saa nane mchana, akauliza kama kuna supu, akalala tena. Kisha alirudi, akaongoza vipindi miaka kumi na minane, akiwa ameketi muda wote.