Shina na Ncha

Wikio ni wa nani? Nilikuwa na umri wa kutosha kuuliza, lakini si wa kujibiwa.

Marehemu babu alijenga nyumba mbili za mawe, ndefu kuliko zote mtaani kwetu Amu, moja kwa kila binti yake. Kati ya nyumba hizo ilipita ndia, njia nyembamba ya mtaa. Juu ya ndia hiyo, kwenye ghorofa ya pili, aliziunganisha kwa wikio, daraja lenye kuta na paa. Chini yake hapakuwa na maji, walipita punda, nami nilipenda kuwatazama migongo. Siku zile mabibi wa nyumba kama zetu hawakutoka nje mchana. Mama alivuka wikio asubuhi, adhuhuri na alasiri kumlisha dada yake, aliyepooza miguu.

Mwaka ule sakafu ya wikio ilibonyea. Fundi aligonga boriti mbili, zikalia kama mtungi mtupu. Mchwa.

"Ubomolewe," alisema baba. "Au autengeneze mwanyumba wangu, maana mgonjwa ni wake." Waume wa ndugu wawili ndivyo wanavyoitana.

Mume wa mama mkubwa alimsikia kutoka dirisha la ng'ambo. "Mwanyumba! Mimi nilioa mke, sikuoa daraja!"

"Kwani mimi niliozwa daraja?"

Mama alisimama nyuma ya pazia na bakuli la uji. Niliuona uji ukifanya utando.

"Fundi," niliuliza, "mwenye daraja hujulikanaje?"

"Huyu na maswali yake!" alisema baba.

Fundi alinitazama, akalitazama pazia, kisha akaanza kubandua chokaa pande zote mbili za wikio.

"Njoo uone, mwana. Boriti ni mti, ina shina nene na ncha nyembamba. Mwenye daraja hulaza mashina yote upande wake. Haya, niambie."

Nilitaja moja moja, nikigusa kwa kidole. Upande wetu: shina, ncha, shina, ncha. Nikakimbilia ng'ambo: ncha, shina, ncha, shina.

"Basi, mabwana," alisema fundi, "marehemu aliwapa nyote wawili."

Waungwana wale waliweza kuwataja mababu zao mpaka wa saba, lakini hakuna aliyewahi kulaza boriti hata moja. Kila nyumba ikaleta boriti yake mpya. Kwa siku za ujenzi niliupitisha uji mimi, kwa ngazi na kwa ndia. Chokaa ilipokauka, mama alivuka mwenyewe, na nikasikia kicheko cha mama mkubwa kabla hajafika.

Miaka mingi baadaye nilijengewa nyumba yangu, isiyopakana na mtu. Mafundi walikuwa wakilaza boriti za chumbani: shina, ncha, shina, ncha. Niliuliza kwa nini.

"Hulazwa hivi kila nyumba, Bi," alijibu mmoja. "La sivyo, sakafu itakwenda upande."