Mbwa wa Baba na Mtindi wa Mama

Baba alipofariki, mama alikuja kukaa nami mjini, Utemini, akiwa na begi la nguo, kibuyu cha mtindi na mbwa wa baba. Kibuyu alikitundika jikoni kwangu bila kuniuliza. Mbwa alimfunga kwenye mpera nyuma ya nyumba. Ni dume kubwa la rangi ya udongo, sikio moja limekunjika, na kule kijijini Mtinko alikuwa akienda na baba machungani kila siku. Mama alimsemesha Kinyaturu tu, kwa maelezo kwamba huyu Kiswahili hajakisomea.

Mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo huzuni ya mama niliiona kwenye nguo kabla sijaiona usoni. Gauni lake la kitenge nililibana baada ya msiba, nikalibana tena, na bado likawa linamning'inia. Nikimwekea ugali anaupapasa kwa vidole, anasema ameshiba, kisha anatoka nyuma na sahani yake. Nikimfuata namkuta ameinama chini ya mpera, matonge yote yanaishia kwa mbwa. Nikigomba ananijibu kwamba mbwa wa marehemu hawezi kushinda na njaa nyumbani kwangu. Niliogopa. Niliogopa kweli kweli kwamba nitazika tena kabla hata nguo za msiba wa kwanza hazijachakaa.

Basi mbwa naye akatuletea yake. Amezoea mbuga ya kijijini, mipaka ya mjini haijui. Siku moja alikata kamba, akaingia uwanja wa jirani, mbwa wa pale wakamrarua paja. Kidonda kikavimba na kutunga usaha. Nilimwita daktari wa mifugo, dada mmoja kijana mwenye pikipiki na sauti ya kuamrisha. Alikisafisha kidonda, akatuachia vidonge vya antibayotiki, akasema tusikatishe hadi viishe, hata tukimwona anarukaruka.

Vidonge vilianza kufanya kazi kwenye paja, lakini tumboni vikaleta balaa. Mbwa aliharisha hadi mpera wenyewe nikauonea huruma. Mama alishika kiuno.

"Dawa yenu ya mjini inamuua," alisema. "Sasa nitamtibu mimi."

Tiba ya mama ni kibuyu. Tangu tukiwa wadogo, tumbo likisokota, tulipewa mtindi wa kibuyu kilichofukizwa moshi, na tulipewa bakuli zima. Kwa mama, mgonjwa hapimiwi chakula. Kumpimia ni kumwambia kwamba umemchoka. Kwa hiyo mbwa akapewa bakuli, tena likijaa mpaka ukingoni, na kidonge kikielea humo ndani. Akalamba mpaka chini. Jioni yake hali ikawa mbaya zaidi, mama akaongeza la pili ili kufidia la kwanza.

Habari zikasambaa mtaani. Mama alikuwa akiwaambia watu kisimani kwamba nyumbani kuna mgonjwa, na kwetu ukisikia hivyo huendi mikono mitupu. Wa kwanza alikuja mama jirani, yule yule mwenye mbwa waliomrarua wetu, amebeba hotipoti ya supu ya kuku wa kienyeji na uso wa kuomba radhi. Akafuata mwingine na utumbo wa mbuzi, mwingine na ndizi za kuchemsha. Wakishaambiwa mgonjwa ni nani hucheka kwanza, halafu wanakaa hivyo hivyo, wanampa mama pole, na chakula kinapelekwa chini ya mpera. Nilikuwa nashona huku nikiwatazama kupitia dirishani, sijui nicheke au nifunge geti.

Daktari aliporudi kuangalia kidonda, alipita kwanza kwenye mabakuli. Akahesabu kwa macho, akashusha pumzi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeona dawa yako ilivyomfanya?"

"Nimeona, mama. Ila sijui kama anaumwa dawa au anaumwa ukarimu."

Mama alikaza uso. Daktari akachuchumaa naye pale pale mavumbini, akamweleza taratibu. Kwamba tumboni kuna vijidudu vibaya na vizuri, na vile vizuri ndivyo vinavyosaidia chakula kusagika. Antibayotiki inapokwenda kuua wabaya wa kidondani, haiulizi majina, inapiga na wazuri. Ndiyo maana tumbo limelegea. Dawa isiachwe, la sivyo kidonda kitarudi kwa hasira. Apewe kidonge pamoja na chakula kidogo laini, wali uliopondwa na nyama isiyo na mafuta, au boga la kuchemsha lisilo na chumvi. Maji yasikosekane. Mtindi ni mzuri, lakini usichanganywe na kidonge. Usubiri saa kadhaa, na uwe vijiko tu, kwa sababu mbwa wengi wakubwa maziwa mengi yanawaharisha. Akitapika, akitoa damu au akilegea, yeye daktari apigiwe simu hapo hapo.

"Vijiko," mama alirudia, kama mtu aliyetukanwa.

"Vijiko, mama. Na hivi vyakula vya wageni, basi."

Hapo ndipo palikuwa pagumu. Kijiko mama angekivumilia. Lakini kumwambia jirani aliyetembea na hotipoti kichwani kwamba arudi nayo, hilo hakulelewa nalo na asingeweza kuanza uzeeni. Daktari alipoondoka, mama alikaa kwenye kigoda muda mrefu, akimsemesha mbwa kwa Kinyaturu, na mbwa akimsikiliza kwa lile sikio zima.

Mama jirani akaja tena na supu yake. Nilisimamisha cherehani. Mama aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaeleza kwamba daktari amemkataza mgonjwa. Yule mama akaanza kuangalia viatu vyake. Mama akamtazama, akaitazama hotipoti, kisha akaagiza kijiko.

"Nitamlia mimi," alisema. "Isije ikaonekana umehangaika bure."

Akanywa supu yote mbele ya mgeni. Akatafuna na paja la kuku mpaka mfupa. Mimi nilijifanya natafuta sindano chini ya meza, maana machozi yalikuwa yananitoka na sikutaka kumharibia.

Kuanzia hapo kazi ikawa hiyo. Wageni wanaleta, mama anamlia mgonjwa, wanakaa wanapiga soga za Mtinko, za alizeti, za baba na utani wake. Mbwa naye anapata boga lake, na baadaye mama anampimia mtindi kwa kijiko huku akimwomba msamaha kwa uchache. Kila asubuhi tulikwenda chini ya mpera kukagua kinyesi, mimi na mama, tumeinama kama watu wanaokagua mbegu. Kwanza kikawa uji, kisha kikaanza kushikana. Siku kilipotoka kigumu sawasawa, mama alipiga vigelegele, na mama jirani akaitikia ng'ambo ya ukuta kabla hata hajajua kuna nini.

Vidonge viliisha, lakini daktari alitwambia tusikurupuke, tumbo nalo linahitaji kujengwa upya. Tuliendelea na vijiko vya mtindi, tukamrudishia ugali na dagaa wake kidogo kidogo, na kidonda kikafunga. Mchana mmoja nilipakua chakula chetu, nikamwekea mama kitonge kidogo kama nilivyozoea tangu msiba, nisimkere. Aliitazama sahani, akanirudishia.

"Ongeza," alisema. "Mimi simezi dawa, usinipimie."

Nikaongeza. Akala pale pale mezani, mbwa akiwa amelala mlangoni na tumbo lake tulivu, na hakuna tonge lililotoka nje.

Alizeti zilipokaribia kuvunwa, mama alifunga begi. Alisema anarudi shambani na mbwa wa mume wake, nisimbishie. Alivaa gauni la kitenge, akahangaika nalo kwapani, akaja kusimama mbele ya cherehani yangu huku amenyanyua mikono.

"Wewe fundi gani? Umenibana, siwezi hata kupumua. Fumua."

Nikachukua wembe, nikafumua mishono yote niliyolibania gauni lile.