Mwanamume Mwenye Tai kwenye Simu ya Mkamwana Wangu

Mwanamume mwenye tai anayesemwa saluni kwamba anambipu mkamwana wangu mchana kutwa, mwanangu akiwa safarini, ni marehemu mume wangu. Aliyekuwa akibipu ni mimi. Nilinyamaza kwa sababu kazi yenyewe ilikuwa siri ya ofisi. Sasa simu hizo ziko madukani, kwa hiyo naeleza.

Mke wa mwanangu ni mhandisi. Habadilishi vioo vilivyopasuka, kama wanavyodhani baadhi ya ndugu. Anarekebisha programu ambayo simu hutoka nayo kiwandani, na hasa upande wa memori: kila sehemu ya simu inayochukua nafasi lazima iirudishe ikishamaliza. Isiporudisha, nafasi hupungua kidogo kidogo mpaka simu inaganda. Nikamwambia hilo naliona: ni mtu aliyeweka mkoba kwenye kiti cha mbele ukumbini, kisha akaenda zake.

Simu za majaribio zilikuwa zinaganda mikononi mwa watu, lakini ofisini hazigandi hata zikipigwa kutwa. Wenzake walikwisha kuanza kuwalaumu watumiaji. Alinipa moja niitumie, ikaganda kabla wiki haijaisha. Yake, ya aina ile ile, ilikuwa nzima.

Akaketi nami sebuleni, akinitazama kama mkaguzi wa shule. Mdogo wangu akapiga. Ikalia kidogo, ikakatika. Ikalia tena, ikakatika.

"Mama, Mama Mdogo ana shida gani?"

"Hana shida. Anabipu. Tangu nianze kupata pensheni hajawahi kuniacha nipokee."

"Kila siku?"

"Mwanangu, huyo akinipigia kweli nitajua kuna msiba."

Hakucheka. Aliigeuza ile simu mkononi. "Ofisini tunapokea," akasema polepole. "Au tunaiacha iite mpaka mwisho. Hakuna anayebipu, maana vocha ni ya kampuni."

Kesho yake alinikalisha chumbani na simu moja. Yeye alibaki sebuleni na nyingine, imeunganishwa kwa waya na kompyuta. Alishuku kwamba kosa liko kwenye picha ya anayepiga, hivyo alihitaji picha nzito. Nzito kuliko zote nyumbani ni ya marehemu siku aliyohitimu chuo, ambayo mwanangu aliiskani ili tuiweke kwenye fremu kubwa. Akaiweka kwenye namba yangu, nami nikabipu.

"Umechelewa kukata, Mama. Picha imeshatokea yote."

Nikakata mapema zaidi. Akasema, "Tena."

Nilishindwa kuvumilia, nikatoka kwenda kuangalia. Kwenye kompyuta palikuwa na mstari unaoonyesha nafasi iliyobaki. Kila nilipokata mapema ulishuka hatua moja, wala haukupanda tena. Simu ilitenga nafasi ya picha, mimi nikakata kabla picha haijatokea, na hakuna sehemu iliyoagizwa kuirudisha nafasi hiyo.

"Kumbe mdogo wangu ndiye anayeharibu simu?"

"Hapana, Mama. Sisi ndio tuliosahau kwamba watu kama yeye wapo."

Nikarudi chumbani, nikaendelea kwa bidii: mara nakata mapema, mara nachelewa, ili alinganishe. Ndipo mshonaji wetu alipoingia kuleta gauni langu. Akaona kijana mtanashati mwenye tai akijitokeza kwenye simu ya mke wa mtu, mara mzima, mara nusu.

"Nani huyo anakusumbua hivyo, mwenzangu?"

"Ni kazi tu, dada." Hakuwa na ruhusa ya kusema zaidi.

"Kazi yenyewe ina tai nzuri."

Nilimsikia kupitia mlangoni, nikadhani ni utani. Siku chache baadaye habari ilikuwa imemfikia mwanangu huko safarini.

"Mama, nimeambiwa kuna mwanamume."

"Yupo. Ni baba yako."

"Usimfichie, Mama. Nikirudi nataka nijue kama bado nina mke."

"Mke unaye. Rudi uitazame hiyo picha. Wewe ndiye uliyeiskani."

Alirudi, akaitazama. Mkewe alikuwa amekaa mbele yake. Kosa la simu lilikwisha kurekebishwa, na mdogo wangu sasa anabipu apendavyo. Mkamwana wangu hakufanya lolote la aibu katika nyumba hii.

Mshonaji sasa anauliza kama mwanangu alimwomba mkewe radhi, na kwa maneno gani. Yaliyosemwa yalisemwa ndani, mlango umefungwa. Mimi simwambii mtu.