Pikapu Niliyoiita Mpya

Aibu niliipata, lakini msamaha siombi. Nina ploti hapa Kawangware, na kanisani nilizoea kuwacheka wanaonunua magari ya mtumba. Bei ya gari jipya iliponishinda, nilinunua pikapu kuukuu kwa fundi mmoja wa magari mtaani Makina, nikaipaka rangi, nikafunika viti kwa plastiki. "Mpya kabisa!" nikatangaza.

Jumapili pasta na akina mama wakaizunguka kuiombea. Katikati ya maombi, yule fundi akatokea na jeki mkononi.

"Mama Njeri, ulisahau hii. Na ule mlango wa dereva, bado unaupiga teke ndio ufunguke?"

Pasta akafumbua macho. Wote wakanitazama.

Nikaupiga teke, ukafunguka.

"Ndiyo, ni mtumba," nikasema. "Nani anataka kurudi nyumbani na miguu?"