Neno Moja kwa Muuzaji wa Nyarubungo

Mtu akiandika "mwizi" kwenye simu, amepiga yowe au hajapiga?

Niliulizwa swali hilo mchana kweupe, Nyarubungo, na mzee mwenye filimbi shingoni, huku nyuma yake fimbo zikimshukia kijana mmoja aliyelala chini. Nilikuwa na shahada ya chuo kikuu na nilizoea kubishana na kila mtu. Hilo sikufundishwa.

Kilichotupeleka huko ni cherehani. Dada yangu, aliyeolewa kijiji cha Keza, alishinda, kwa simu ya mumewe, kwenye mnada wa mtandaoni, ule ambao wanunuzi hupandishiana bei mpaka muda uishe, akapata cherehani ya kukanyaga iliyotumika. Muuzaji alikuwa kijana wa Nyarubungo, fundi anayenunua mashine zilizokufa na kuzifufua. Cherehani ilifika juu ya pikipiki, imefungwa kwa mpira, gurudumu lake la chuma limepasuka.

Shemeji alikuwa anachinja kuku dada alipomwita aje aone. Alikuja na kisu mkononi, akaipiga teke meza ya cherehani ikaanguka ubavu.

"Simu iko wapi? Huyu namwandikia sasa hivi."

Mtandao ule unampa mnunuzi nyota tano na kisanduku cha maoni, ili wengine wajue muuzaji ni mtu wa namna gani. Nilimwambia asubiri.

"Shemeji, andika ulichokiona. Gurudumu limepasuka. Limepasukia wapi, hujui."

"Nyinyi mliosoma mna huruma mpaka na chuma."

"Umempigia muuzaji?"

"Tangu lini mwizi akapigiwa simu?"

"Na mwenye pikipiki, umemuuliza alianguka wapi?"

"Mdogo wangu, mwache," dada alisema. "Ukimbishia huyu ndiyo unamwongezea moto."

Alibonyeza nyota moja, akaandika neno moja, mwizi, kwa kidole chenye damu ya kuku, akatuma. Damu ilikauka kwenye kioo cha simu. Yeye akarudi kwa kuku wake, ambaye bado alikuwa akirusha miguu.

Nilimpigia muuzaji mwenyewe. Alipokea papo hapo. Alisema aliipakia ikiwa nzima, ila barabara ni mbaya. Tuilete, atafunga gurudumu jingine bure.

"Lakini dada, lile neno naomba mliondoe. Hapa kwetu lile si neno la kuandika."

Nilidhani anaogopa kukosa wateja. Mtandao haukuruhusu kufuta maoni, uliruhusu kuongeza maelezo tu, na shemeji alikataa kuongeza herufi hata moja kabla hajaliona hilo gurudumu jipya.

Majirani wengi wa yule kijana walikuwa wakulima na wafugaji waliohamia kutoka Shinyanga na Mwanza, wakaja na jeshi lao la sungusungu. Yowe la mwizi likipigwa, kila kaya inatoa mwanamume mmoja na fimbo yake. Kaya isiyotoa mtu inatozwa ng'ombe. Ikirudia inatengwa, na hakuna atakayeiazima jembe wala kuizikia maiti wake. Jioni ile ile mtu mmoja wa kijijini aliliona neno la shemeji mtandaoni, akalipiga picha, akaiweka kwenye kundi la kijiji. Kesho yake, wakati mimi na shemeji tuko njiani na cherehani, filimbi zilikuwa zinalia.

Tulikuta vichwa vya cherehani vimetupwa nje ya kibanda, kijana yuko katikati yake. Mlio wa fimbo juu ya mwili si mkali. Ni mzito, kama blanketi bichi linapopigwa kwenye jiwe. Alikuwa amekinga kichwa kwa mikono, na vidole vya mkono mmoja vilishaelekea upande usio wake. Niliyemwona zaidi alikuwa mzee mmoja mwenye kofia ya sufu. Alijibanza upande wa kichwa, akiwasukuma wenzake kwa viwiko, na kutoka pale alipiga miguu, miguu tu, kwa mikono miwili, bila kupumzika. Nilisikia mfupa wa ugoko ukikatika. Alipiga tena.

Nilipiga kelele kwamba si mwizi. Mzee wa filimbi, mkubwa wa sungusungu, alinigeukia bila haraka.

"Binti, wewe ni nani?"

"Shikamoo. Sisi ndio tulionunua kwake."

"Marahaba. Lile neno ni la nani?"

"La shemeji yangu. Lakini yale ni maoni ya mnunuzi tu, ni…"

Hapo ndipo aliponiuliza swali lake. Kisha akamtazama shemeji.

"Aliyepiga yowe ndiye anayelinyamazisha. Ingia."

Shemeji aliingia katikati ya fimbo. Ya kwanza ilimpata begani kabla hajafungua mdomo. Alisema, "Hajaniibia," hawakumsikia, akasema tena kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Fimbo zilisimama. Kisha zikaanza upya, juu yake, kwa sababu yowe la uongo nalo lina malipo yake. Nilimshika mkono mmoja wao nikamng'ata. Alinisukuma kama anavyosukuma ndama.

Kijana tulimpeleka hospitali kwa gari la mazao. Miguu yote miwili ilikuwa imevunjika. Kichwa hakikuwa na hata mchubuko.

Mkono wa shemeji ulikuwa umevimba, kwa hiyo aliniachia simu yake niandike kwa niaba yake. "Gurudumu lilipasuka njiani. Muuzaji alipokea simu mara moja, akakubali kulibadilisha. Hakuiba kitu." Juu ya maelezo hayo nyota ilibaki ile ile moja, mtandao haukuturuhusu kuigusa. Nikakaa na ile simu, nikifikiri kwamba kama kungekuwa na kisanduku cha maoni juu ya yule mzee wa kofia ya sufu, ningejua la kuandika, tena bila kuuliza mtu.

Muda mrefu baadaye nilipita Nyarubungo. Kijana alikuwa anatembelea mkongojo na anatengeneza cherehani za mkono, zisizokanyagwa. Nilimuuliza kama yule mzee wa kofia bado yupo. Alinionyesha nyumba kwa kidevu, palepale nyuma ya kibanda. Ni baba yake. Kaya yao haikuwa na mwanamume mwingine wa kutoa kwa sungusungu.