Kamshafti ya Ndugu Wawili

Fundi Taratibu jina hilo alilipata kihalali. Mteja akimharakisha, yeye huweka spana chini, hunywa maji, kisha huuliza, "Unataka gari au unataka haraka?" Gari lake mwenyewe ndiyo usiseme. Lilikuwa la Kiingereza, la zamani, viti viwili na pua ndefu, walilolinunua yeye na mdogo wake likiwa skrepa. Kwa miaka mingi walilibembeleza lipate mbio: wakachonga hedi, kile kifuniko cha juu, injini ibane zaidi, wakafunga kabureta mbili kubwa, wakalitengenezea ekzosi. Ikabaki kamshafti ya mashindano, ule mtaimbo wa ndani unaofungua vali, ile inayofanya injini ichechemee isipokanyagwa mafuta. Mdogo mtu aliutamani mchechemeo huo kuliko hata mbio zenyewe.

Kamshafti ilipofika, mdogo mtu alikuwa hoi kitandani. Uvimbe kichwani, madaktari walishamrudisha nyumbani. Kwa mara ya kwanza maishani, Taratibu alifanya kazi mbiombio, gari likiwa juu ya matofali bila magurudumu, chini ya dirisha la mgonjwa.

Kila fundi anajua sharti la kamshafti mpya. Injini ikiwaka mara ya kwanza, ikanyagwe iungurume kwa nguvu mpaka chuma kizoeane na chuma. Ukiiacha polepole, inajitafuna. Na mgonjwa hakuweza makelele kabisa. Hata sufuria ikianguka, alishika kichwa akalia.

Mke wa mgonjwa akatokea dirishani. "Shemeji, leo hata maji amekataa. Kama ni kuwasha, washa sasa. Lakini usiikanyage, nakuomba."

Taratibu akawasha. Injini ikakohoa, ikashika, ikaanza kuchechemea. Akaegemea dirisha. Mdogo wake alikuwa amefumbua macho.

"Inachechemea," mgonjwa alisema, akacheka kidogo. Kisha ufundi ukampanda. "Kaka, kanyaga! Utaiua kamshafti."

"Nilishaikanyaga asubuhi, wewe umelala."

Uongo mtupu. Lakini kaka yake hakuwahi kumdanganya, naye akaamini. Akafumba macho asikilize vizuri.

Haikuchukua muda, chuma kikaanza kugonga ndani ya injini. Taratibu alijua kinacholiwa mle ni nini, na moyo ulimuuma.

"Kaka, nini hicho kinagonga?"

"Mlango wa banda. Upepo tu."

"Ufunge basi. Unaniharibia."

Akaenda kuuvuta mlango uliokuwa umefungwa tangu asubuhi. Aliporudi, shemeji yake alikuwa kando ya kitanda, amejitwika mikono yote miwili kichwani.

Taratibu alitaka kuizima injini, mkono ukakataa. Badala yake akavuta waya wa mafuta hadi mwisho, gari likanguruma mpaka mabati ya banda yakatetemeka. Hakukuwa tena na wa kuumizwa na kelele, naye alitaka kulia bila kusikiwa na mtu.