Bwawa Lilipoacha Kuwa Kijani

Siku ya kwanza kazini sikupewa buti wala koleo. Msimamizi wa Zamu, mzee wa Kimakonde asiyecheka ovyo, alinisimamisha ukingoni mwa bwawa la majitaka, huku kwetu Temeke, akauliza, "Rangi gani?"

"Kijani, mzee."

"Basi lipo hai. Siku likibadilika, shikamoo yako kaa nayo. Niambie rangi kwanza."

Ule ukijani ni mwani, vimea vidogo mno kuonekana kimoja kimoja. Jua likiupiga, mwani hutoa oksijeni. Bakteria huitumia kula uchafu, na mabaki yao huulisha mwani. Mashine hakuna. Kuna jua, upepo, joto la maji na viumbe hao, na kimoja kikikosekana vingine vinayumba. Nilipelekwa maabara, nikahamishiwa geti la magari ya kunyonya vyoo, na kokote nilikowekwa niliangalia rangi kabla ya chai.

Msimu mmoja wa masika wingu liligoma kuondoka. Vyoo vya mabondeni vikajaa, magari yakapanga foleni. Bwawa likawa kijivu, likaanza kuingia waridi, likanuka mayai viza. Mkuu wetu wakati huo alikuwa Mhandisi wa Kituo, mama wa Songea.

"Mwani unakufa," alisema. "Tukizidi kulilisha tutalizika. Funga geti mpaka jua litoke."

"Mama, mitaani watatapisha." Kutapisha ni kutoboa shimo la choo mvua ikinyesha, uchafu uondoke na mafuriko.

"Najua. Bwawa likifa, mji mzima utatapika. Funga."

Nikafunga. Dereva mmoja akatoa kichwa dirishani: "Mzee, hayo ni maji ya kunywa mpaka uyafungie?" Wenzake wakaangua kicheko. Mie sikucheka. Choo changu kilikuwa kimejaa hadi mdomoni, na nilikuwa nangoja gari kama wao.

Nyumbani mke wangu, Zuhura, alikuwa mlangoni.

"Gari halijaja. Eti kuna mwehu kafunga geti."

"Ni mie."

Alinitazama. "Haya, mwehu, njoo tuinue magodoro."

Mvua ilipokolea, jirani wa juu alitapisha. Uchafu ulipita uani, ukaingia jikoni. Mtoto wetu wa mwisho aliharisha mpaka tukamkimbiza zahanati. Alipona. Siku hizohizo jua likatoka na bwawa likarudi kijani. Nilifurahi mno, nikashindwa kumwambia Zuhura.

Nimestaafu sasa. Vijana mnaoniuliza bwawa linaishia wapi, mnategemea niwaonyeshe ukuta wa kituo. Mie ukuta huo siuamini; bwawa lilishafika jikoni kwangu. Wingu likitanda siku kadhaa siketi, naingia, natoka. Jana jirani kaniambia geti limefungwa tena. Wamefanya sawasawa; hata mie ningefunga. Zuhura kainua magodoro. Kawachukua wajukuu, kawapeleka kwa dada yake Mbweni.